Mfarishi usitundikwe kwa pini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: anayeshona mifarishi (mablanketi ya viraka yenye pamba ndani) kwa mkono hapa Nairobi aionyeshe vipi mtaani kwake, na ni nyenzo gani mpya anazoweza kujaribu? Nayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa nyenzo ngeni ndiyo inayoamua mfarishi utaning'inia vipi na utadumu muda gani.

Mahali pasikusumbue. Ukumbi wa kanisa au maktaba yenye ukuta mkavu, usiopigwa na jua la dirishani, inatosha. Si lazima ungoje nafasi kwenye ukumbi wa maonyesho wa Alliance Française. Kinachoharibu kazi nzuri ni pini na vibanio. Ukiushikiza mfarishi wa mita 2 kwa pini tano, uzito wote unavuta sehemu tano tu, na baada ya siku chache ukingo wa juu unafanya mawimbi.

Shona ala ya kupitishia ufito. Kata kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 23. Urefu wake uwe pungufu ya upana wa mfarishi kwa sentimita 5. Pinda ncha mbili, kikunje kiwe mrija, ushone: utapata ala ya sentimita 10 hivi. Ishone kwa mkono mgongoni, karibu na ukingo wa juu, sindano ishike bitana na pamba ya ndani bila kutokeza mbele. Ukifika kushona upande wa chini wa ala, usukume juu kidogo ili kitambaa kinachotazama ukuta kilegee kama sentimita 1. Ulegevu huo ndio unaomeza unene wa ufito. Ukiuacha, mfarishi unatoa tumbo mbele, na mtazamaji anaona ufito badala ya viraka. Ufito wa mbao usiopakwa kitu hutoa asidi inayotia pamba madoa ya kahawia, kwa hiyo upake vanishi na uuache ukauke kabisa.

Sasa nyenzo. Khanga za Biashara Street zinapendeza mno kwenye viraka, lakini nyekundu na nyeusi zichunge. Loweka kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, kisha kikandamize kwa pasi kati ya vitambaa viwili vyeupe. Vikigeuka waridi, fua khanga nzima, urudie jaribio mpaka vibaki vyeupe. Halafu kabla mkasi haujagusa kitu, amua jina la khanga litakaa wapi. Jina lililokatwa katikati halisemi neno, na pindo na mji (eneo la katikati ya khanga) vinakupa vipande vya kutosha.

Kwa mitumba ya soko la Gikomba, choma uzi mmoja. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, kuna poliesta ndani, na pasi ya moto wa pamba itakuharibia.

Nyenzo ninayoisifu kuliko zote ni lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Uganda, ambacho UNESCO imekiweka kwenye orodha yake ya urithi tangu 2008. Rangi yake ya udongo huwaka ikikaa karibu na khanga. Ila si kitambaa kilichofumwa: mishono midogo iliyokaribiana hukitoboa kama stempu na kikachanika papo hapo. Weka urefu wa mshono wa cherehani kwenye milimita 4, tanguliza kitambaa chepesi cha pamba chini yake, na usikiloweshe. Kwa sababu hiyo mfarishi wenye lubugo ni wa ukutani tu, na mnunuzi aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Kutu pia hutoa michoro mizuri. Lowesha pamba kwa siki na maji nusu kwa nusu, izungushie misumari yenye kutu, ifunike siku moja. Kisha isuuze kwa maji yenye magadi, la sivyo asidi inaendelea kuula uzi. Hata baada ya hapo kutu yenyewe hudhoofisha pamba polepole, kwa hiyo nisingeitia kwenye mfarishi wa kurithisha wajukuu.

Siku ya kuupeleka, usiukunje. Uviringishe kwenye mrija mnene wa karatasi uliofunikwa shuka safi, uso wa mfarishi ukitazama nje: ukitazama ndani, viraka hubanana na mikunjo haitoki hata kwa wiki ya kuning'inia.