Muulize Fundi: Mabati yanatoa jasho

Fundi, habari ya kazi. Nina stoo ya vyuma na mabati huku Njoro, futi 20 kwa 40, naweka mahindi. Asubuhi nikifungua mlango naskia tap tap tap, maji yanadondokea magunia na mvua haijanyesha wiki mbili. Fundi mmoja alipanda akapaka lami kila msumari, nikalipa, na bado. Mchana nayo ni tanuri. Nifanye nini? – Mkulima, Njoro

Pole sana ndugu yangu, hiyo pesa ya lami sahau tu. Paa lako halivuji. La kuvuja hutoa maji mahali fulani, mvua ikinyesha. Lako linalowa bati zima, hiyo ni jasho. Njoro iko juu, zaidi ya mita 2,000, na usiku usio na mawingu bati linapoa mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, sasa mvuke wa ndani ukiligusa unageuka maji, vile tu chupa ya soda ikitoka kwa friji inalowa nje.

Mvuke unatoka wapi? Anza na mahindi, yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 hayajakauka, usiyafungie. Halafu sakafu: bandika kipande cha nailoni cha futi mbili chini, selotepu pande zote nne, ukae siku moja. Ukikuta matone chini yake basi zege ilimwagwa bila nailoni na inanyonya unyevu wa ardhi, kwa hivyo magunia yapande kwa paleti na yasiguse ukuta.

Toboa pia njia za hewa, chini ya paa pande zote mbili na pale kwa kofia, lile bati la kileleni, uweke wavu panya wasikushukuru.

Joto sasa. Watu wananunua foili, ile karatasi ya kung'aa inayorudisha joto, wanaibandika kwa bati moja kwa moja, hapo umepamba tu! Iachie nafasi ya hewa kama sentimita 2.5 na uzibe maungio kwa tepu. Fibaglasi, ile sufi ya nyuzi za kioo, ni nzuri zaidi (chuma hupitisha joto kuishinda zaidi ya mara elfu moja) lakini ikilowa imekufa, so upande wa ndani lazima uwe na karatasi ya kuzuia mvuke, na fundi asiibane ikawa chapati.

Fundi, saluni yangu ni kontena hapa Kondele, saa nane wateja wanatoroka. Niweke silingi? – Mama Saluni, Kisumu

Mama, bado. Kisumu shida kubwa ni jua, kwa hivyo lizuie kabla halijagusa chuma. Simamisha paa la pili la mabati futi moja hivi juu ya kontena, wazi pande zote upepo upite, kontena yenyewe uipake rangi nyeupe, na ukate dirisha mbili zinazoangaliana. Hizo draya na sufuria ya maji moto ziweke karibu na dirisha. Silingi tuongee pesa ikibaki.