Re: Rimu za inchi 18 kwenye Toyota Mark X, usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa

Mkuu, kabla ya kulaumu balansi ya matairi, ng'oa tairi moja upime tundu la katikati ya rimu. Habu (kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo) ya Mark X ina kipenyo cha milimita 60.1, rimu nyingi za dukani zina tundu la 73.1, hivyo rimu inakaa pembeni kidogo. Weka ringi za habu za kuziba nafasi hiyo, 73.1 kwa 60.1, za aluminiamu.

Angalia na nati: za Toyota za rimu ya alumini zina washa bapa, rimu zako zinataka nati za koni, M12x1.5 (uzi wa milimita 12, hatua ya milimita 1.5). Hapo usibahatishe kabisa, ukiweka zisizo sahihi zitalegea. Kaza kwa msalaba, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia) iliyowekwa Nm 103, rudia kukaza ukifika Sikonge.

Ila kwa mashimo ya huku Tabora, ningechukua rimu za inchi 17 na tairi za 215/55 (upana milimita 215, kimo cha ukuta asilimia 55 ya upana): kimo kilekile cha tairi 235/45R18 za rimu ya 18, ila ukuta mrefu zaidi.