Baba alipokataa kuondoka Beaumaris

Wiki hii mmetuuliza: mtu akitaka kuzunguka kwa gari kwenye miji ya kale na ngome zake, apange kila kituo mapema au aifuate tu barabara? Mimi ni mtu wa kupanga, na ningejibu kwa mstari mmoja nikaendelea na shughuli zangu. Lakini swali hilo limegusa pasipopona. Kinachonisumbua ni hiki: ratiba ikishavunjika, unafuta nini, na nani mwenye haki ya kufuta?

Kiangazi cha 2024 baba alikuja kututembelea, na mimi na mdogo wangu tukaamua kumpeleka Wales ya kaskazini siku tatu. Nilipanga kwa wiki nzima. Niliweka zile ngome nne za Mfalme Edward I wa Uingereza, aliyeiteka Wales karne ya 13, zilizoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1986: Conwy, Caernarfon, Beaumaris na Harlech. Nikaongeza Dolbadarn na Dolwyddelan, ambazo ni za watawala wa Wales wenyewe, kwa sababu kumtembelea mshindi bila kufika kwa aliyeshindwa naona si haki. Kila ngome niliipa saa zake, na pembeni nikaandika habari zake ili niwasomee njiani.

Mnaoijua A55, barabara kuu ya Wales ya kaskazini, siku ya Ijumaa jioni mtaelewa kwa nini tuliondoka Jumamosi alfajiri. Kuendesha kwenyewe hakuna shida, huku ni kushoto kama tulivyozoea. Shida ni kuamini muda wa ramani ya simu. Tangu Septemba 2023 sehemu kubwa ya barabara za ndani ya miji na vijiji vya Wales ni maili 20 kwa saa, na ukiacha barabara kuu unakuta vichochoro vya gari moja, ambapo mmoja wenu lazima arudi nyuma hadi penye upenyo. Ongezeni muda. Hilo nawaambia bila kusita.

Conwy ilikwenda kama ilivyoandikwa. Ngome na ukuta wa mji vilijengwa pamoja kati ya 1283 na 1287, na ukuta wenyewe bado umesimama, zaidi ya kilomita moja, na minara 21. Sehemu kubwa unaweza kutembea juu yake. Baba alitembea kimya, kiganja kikiwa juu ya mawe. Nilidhani amechoka.

Siku ya pili tulivuka daraja la kuning'inia la Thomas Telford, la mwaka 1826, tukafika Beaumaris saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeipa saa moja na nusu, na hata hiyo niliiona nyingi, kwa kuwa ngome yenyewe haikukamilika. Kwangu kilele kilikuwa Harlech jioni ile, juu ya mwamba wake.

Baba ni fundi mwashi, amejenga miaka arobaini. Alisimama uani akatazama minara, kisha akasema, "Kazi hii haikuisha." Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikamuuliza amejuaje. Akasema ukuta ulioanguka una jeraha, lakini ukuta ulioachwa unaonekana kwamba fundi alishuka kwenye jukwaa akitarajia kurudi kesho. Akamwonyesha mdogo wangu matundu yaliyoshikilia miti ya jukwaa, akayafuata kwa kidole tundu baada ya tundu, kama mtu anayesoma.

Ndipo nikatoa karatasi yangu. Kazi ya Beaumaris ilianza 1295, na Februari 1296 fundi mkuu, James wa Saint George, aliyetoka Savoy kwenye milima ya Alpi, aliandika pamoja na mwenzake barua kwa hazina ya mfalme. Walieleza kwamba wana waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, wahunzi 30, na mashua 30 za kuleta mawe na makaa. Wakasema mishahara imechelewa mno, na kuwazuia watu wasiondoke ni taabu kubwa kwa kuwa hawana cha kuwafanya waishi. Mwaka huohuo vita vya Scotland vilianza, na fedha zikafuata vita.

Baba aliketi kwenye majani. Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akauliza, "Walilipwa?" Sikuwa na jibu. Akanyamaza kidogo, kisha akatusimulia jambo ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kulisikia: kwamba aliwahi kujenga ukumbi miezi saba, na miezi minne kati ya hiyo hakuona hata senti. Mwenye kazi alikuwa akisema wiki ijayo, wiki ijayo. Baba alikuwa na vijana sita chini yake, na kila Jumamosi jioni yeye ndiye aliyesimama mbele yao kuwaeleza. "Huyu James namjua," akasema. "Kuandika barua kama hii si rahisi. Aliwaza kwanza atawaambia nini watu wake." Mwishowe alitoa cha nyumbani akawalipa vijana. Ndipo nikajua cherehani ya mama ilikwenda wapi. Nilikuwa na miaka minane, na tuliambiwa imeharibika.

Saa tano na nusu mdogo wangu alininong'oneza, "Dada, ratiba." Baba alikuwa ameshainuka, anazunguka ukuta wa nje kando ya maji ya handaki, kisha wa ndani, kisha anarudi kwenye mnara uleule. Nilimwita mara mbili. Alinijibu, "Nakuja, mwanangu," na hakuja. Tuliondoka saa nane na nusu.

Nakiri nilikasirika. Caernarfon tuliitazama kutoka nje tu, ile minara yake ya pembe nyingi na mistari ya mawe ya rangi mbili. Harlech tulikuta lango limefungwa. Nilisimama nje na karatasi yangu mkononi: kwamba bahari ilifika chini ya mwamba huu zamani, kwamba chakula kilipandishwa kwa ngazi kutoka majini, kwamba walio ndani waliishikilia ngome hii dhidi ya maadui tangu 1461 hadi 1468. Bahari sasa iko mbali, ng'ambo ya mchanga. Sikumsomea mtu.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilikusudia kusema kwamba kila safari iwe na mtu mmoja wa kushika saa, na wengine wamtii, hata wazee. Sasa nimefika hapa sioni tena kama naweza kulisema kwa moyo mmoja. Bila karatasi yangu ile barua isingesomwa, na bila barua baba asingesema. Kwa hiyo ndiyo, pangeni. Lakini zile saa nilizozigawa kwa makini hazikutusaidia kitu. Kilichotusaidia ni yale niliyoyaandika pembeni. Ngome mbili kwa siku zinatosha, na ukilazimika kufuta, futa unayoitamani wewe kabla hujafuta ya mwenzako.

Hili si la kila mtu. Aliyetoka mbali na harudi tena asinisikilize, aanze na saa za lango. Majira ya baridi pia hali ni nyingine, milango hufungwa mapema na giza linaingia mapema zaidi. Na bado naumia nikiikumbuka Harlech. Sitasema siumii.

Baba anakuja tena Juni. Nimeshaandika karatasi mpya: Harlech siku ya pili, peke yake. Asubuhi yote ya siku ya kwanza ni Beaumaris, na pembeni yake sijaandika saa. Ameniambia kwa simu kwamba safari hii atakuja na timazi yake.