Taa Ambayo Haikuwashwa

Mhariri,

Katika toleo la wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: “Kiangazi kinapoanza kuingia, ni starehe zipi ndogo mnazoziona, na mnafanyaje ili zisipite bila kuonekana?” Nimelitafakari swali hilo kwa siku sita, na jibu nililolipata ni kwamba starehe za majira haya, kwangu mimi, haziji na kitu mkononi. Nyingi ni mambo ambayo yalikuwa ya lazima na sasa yameacha kuwa ya lazima. Ndiyo maana ni taabu kuziona, kwa kuwa macho yetu humwona upesi mgeni anayebisha hodi, ilhali anayeondoka bila kuaga hatujui ameondoka saa ngapi.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nimeketi mezani baada ya chakula cha jioni nikisoma kitabu. Jua lilikuwa limeinama hadi chini kabisa ya dirisha, na mwanga wake ulipita juu ya meza kwa ubapa kiasi kwamba kila kombo lililobaki kwenye kitambaa lilikuwa na kivuli chake, kirefu mara nne au tano kuliko kombo lenyewe, na vivuli vyote vilielekea upande mmoja kama watu waliojipanga kwa sala. Mkono wa kikombe ulitupa pete ya kivuli juu ya kisahani, na pete hiyo ilizidi kurefuka nilivyoendelea kusoma. Baada ya kurasa kadhaa nikahisi kuna kitu kimepungua katika jioni ile, jinsi mtu anavyotoka nyumbani akijua kuna alichokisahau lakini hakikumbuki. Kumbe ilikuwa taa. Kwa miezi mingi mkono wangu umekuwa ukinyooka wenyewe kuelekea swichi hata kabla sijavuta kiti, na jioni ile haukunyooka. Nilipojaribu kukumbuka ni lini hasa ulianza kuacha, sikuweza.

Tangu hapo nimekuwa nikikagua nyumba yangu kama mtu anayehesabu vyombo vilivyopotea. Blanketi la pili limo kabatini, na sikumbuki kulikunja. Soksi za kulalia sijui ziko wapi. Dirisha la chumba cha kulala, ambalo lilikuwa na desturi yake ya kufungwa, kukazwa na kuzibwa kwa kitambaa chini, limekaa wazi usiku kucha, na hakuna aliyelalamika. Hata kutembea kumebadilika, kwani mtu anatoka mlangoni mara moja, bila ile shughuli ya kutafuta koti, kurudi kuchukua skafu, na kusimama akijiuliza kama mvua itanyesha. Ukijumlisha dakika hizo zilizookolewa hutapata nyingi, lakini si wingi wake unaonifurahisha. Ni wepesi wa kuufikia mlango na kuupita.

Kuhusu mwanga kuna jambo linalomhusu mtu anayefikiri kwa Kiswahili kuliko mwingine yeyote. Saa zetu zimehesabiwa na watu waliokuwa na jua la kuaminika, jua linalochomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, kwa sababu karibu na ikweta mchana una takriban saa 12 na dakika chache daima. Ninapoishi mimi, karibu na latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, mchana wa katikati ya Juni unapita saa 16. Saa ya ukutani inapoonyesha saa tatu na robo usiku, jua ndiyo kwanza linagusa paa za nyumba za mbele. Nikimpigia ndugu simu na kumweleza kwamba ni saa tatu usiku na ninasoma kwa mwanga wa jua, ulimi unasita katikati ya sentensi. Nimejaribu kusema “saa tatu jioni”, nayo haikukaa vizuri mdomoni. Nimeamua kuendelea kusema “usiku”, na ule mgongano mdogo kati ya neno na dirisha umekuwa mojawapo ya starehe zangu za kila mwaka.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lenu, yaani mtu afanyeje ili asipitwe. Mimi nilichora ukuta. Dirisha la chumba cha kulia chakula linatazama magharibi, na miale ya mwisho ya jioni huangukia ukuta wa mkabala, umbali wa mita tatu hivi. Mwezi wa Aprili nilianza kuweka alama ndogo ya penseli kila Jumapili mahali ambapo ukingo wa mwanga huo ulifika kabla ya jua kutoweka. Binti yangu, ambaye aliwahi kugombezwa kwa kuchora ukuta huohuo, alinitazama kwa muda akaniuliza, “Baba, na wewe atakugombeza nani?” Sikuwa na jibu, na alama zimebaki.

Alama za Aprili zimeachana kwa takriban shibiri nzima, kwa sababu katika majira yale mahali jua linapozama husogea haraka kuelekea kaskazini, na mwanga nao ndani ya chumba hukimbilia kulia. Kufikia mwanzo wa Juni nafasi imepungua ikawa kama nusu ya shibiri. Alama mbili za mwisho zimeachana kwa upana wa vidole viwili tu, na ile ya Jumapili ijayo nadhani itakuwa juu ya ya Jumapili hii. Neno la Kilatini linalotumika kwa kilele hiki cha mwaka, siku ambayo mchana wake ni mrefu kuliko wote, ni solstitium, na maana yake ni kusimama kwa jua, na kwa muda mrefu nililichukulia kuwa lugha ya washairi. Ukuta wangu umenionyesha kwamba ni maelezo ya kawaida kabisa ya kinachoonekana. Mwezi wa Machi, katika latitudo hii, mchana hurefuka kwa zaidi ya dakika tatu na nusu kila siku, lakini katika wiki ya tatu ya Juni ongezeko hilo limekuwa sekunde chache, kisha linakwisha.

Kuzifuata alama hizo kulinipeleka kwenye jambo jingine ambalo sikulitarajia. Nilidhani mapambazuko ya mapema kuliko yote na machweo ya kuchelewa kuliko yote huangukia siku moja, ile iliyo ndefu kupita zote. Sivyo. Mapambazuko ya mapema kabisa hutangulia siku hiyo kwa siku kadhaa, na machweo ya mwisho kabisa huifuata kwa siku kadhaa, kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4 na njia yake kuzunguka jua si duara kamili, hivyo adhuhuri ya jua haipatani sawasawa na adhuhuri ya saa. Maana yake ni kwamba anayependa asubuhi na anayependa jioni hawana kilele kimoja. Mimi ni mtu wa jioni, na habari kwamba bado ninadai siku chache hata baada ya kalenda kusema mambo yamegeuka ilinifurahisha kuliko inavyostahili.

Si kila starehe inakubali kuwekewa alama, hata hivyo. Harufu haikubali. Wiki mbili zilizopita, baada ya siku tisa za ukavu, matone machache mazito yalianguka kwenye vumbi la njia, na kabla sijaona ardhi imelowa pua ilikuwa imeshapata habari. Harufu hiyo ilipewa jina petrikori na watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, katika makala yao ya mwaka 1964 iliyoeleza mafuta yanayojikusanya katika mawe na udongo wakati wa ukavu na kuachiliwa unyevu unaporudi. Sehemu nyingine ya harufu hutokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongo, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni. Ukavu, basi, ndio unaoiandaa. Mvua ikinyesha kila siku harufu hiyo huwa hafifu, na ndiyo maana huwa kali zaidi katika majira haya ambapo jua limeshapata nguvu ya kukausha na mvua haijatuacha kabisa. Kasoro yake ni kwamba pua huizoea ndani ya dakika chache. Dawa niliyoipata ni ya kijinga lakini inafanya kazi: ninaingia ndani, ninafunga mlango, ninakaa kidogo, kisha ninatoka tena. Jirani yangu aliniona nikifanya hivyo mara tatu mfululizo, na kwa heshima yake hakuniuliza kitu.

Dirisha lililo wazi usiku huleta sauti pia, na hapo ndipo nilipojiingiza katika hesabu. Mwaka 1897 mwanafizikia Mmarekani, Amos Dolbear, alichapisha makala fupi iliyoonyesha kwamba kasi ya mlio wa nyenje hupanda kadiri joto linavyopanda, hivyo mdudu huyo anaweza kutumika kama kipimajoto. Kanuni inayotajwa mara nyingi kwa wanaotumia selisiasi ni kuhesabu milio ya sekunde nane, kisha kuongeza tano. Nililala chali gizani na saa mkononi, nikahesabu, nikaongeza, nikapata nyuzi 26, huku kipimajoto cha dirishani kikisema 19. Nilirudia hadi usingizi ukaniruka. Siku iliyofuata nilisoma kwamba kanuni hiyo inawafaa hasa nyenje wa aina fulani wa mitini wa Amerika Kaskazini, na huyu wangu wa chini ya kichaka hakuwa na habari nayo. Ila sijutii. Kwa usiku mmoja nilimsikiliza mdudu kwa makini kuliko ninavyowasikiliza watu wengi mchana.

Niruhusuni kutofautiana na ushauri unaotolewa mara nyingi kuhusu mambo haya, kwamba kila jioni mtu aandike vitu vitatu au vitano vilivyomfurahisha. Niliufuata mwaka mmoja. Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa natembea nikiwinda vitu vya kuandika, na ua likawa ua kwa ajili ya daftari. Ninapendelea zaidi mfano wa kalenda ya zamani ya Japani, iliyougawa mwaka katika vipindi 72 vya takriban siku tano kila kimoja, na kukipa kila kimoja jina la kinachotokea nje. Vipindi vitatu vya kwanza vya kiangazi, kuanzia mapema Mei, vinasema kwamba vyura waanza kuimba, nyungunyungu wajitokeza, machipukizi ya mianzi yachomoza. Hakuna mahali panaposemwa kwamba hayo yanafurahisha. Wanaitaja tu shughuli ya chura na ya mnyoo, na msomaji anaachiwa uhuru wa kufurahi au kutofurahi. Zaidi ya hayo, orodha ya awali ilitoka China, na mwaka 1685 mnajimu Shibukawa Shunkai aliiandika upya kwa sababu ishara za kule hazikupatana na hali ya hewa ya Japani. Kwa hiyo hata mimi sioni aibu kuwa na orodha yangu isiyomfaa mtu mwingine: siku tano za soksi kusahauliwa, siku tano za dirisha kubaki wazi, siku tano za makombo kuwa na vivuli.

Nisije nikaonekana kama mtu anayeuza kiangazi, niseme wazi kwamba dirisha hilohilo huingiza mbu, na kwamba mwanga unaonipa jioni ndefu hunidai malipo yake saa kumi na moja kasoro alfajiri, unapopenya pembeni mwa pazia na kutua kwenye kope langu la kushoto. Mke wangu hupiga chafya tangu Mei hadi Julai kwa sababu ya chavua, na kwake kuhesabu starehe za majira haya ni jambo la kuahirishwa hadi nyasi zimalize maua yao. Namwelewa. Hata hivyo juzi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, kitambaa cha pua mkononi, miguu mitupu juu ya jiwe ambalo lilikuwa bado na joto la mchana ingawa jua lilikuwa limeshaondoka pale kwa zaidi ya saa nzima. Sikumwambia kwamba ameongeza kipindi katika kalenda yangu.

Jana usiku, nikiandika barua hii, nilihitaji kutazama tahajia ya neno moja katika kamusi yenye herufi ndogo mno, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilinyoosha mkono kuelekea taa ya mezani. Swichi yake ilikuwa na vumbi, na kidole changu kiliacha alama ya mviringo juu yake. Nililitazama neno, nikaizima taa, nikaendelea kuandika kwa mwanga wa dirisha hadi nikawa sioni tena mistari ya karatasi.

Msomaji wenu