Kabla hujalipa ada ya uzamili wa biashara upande wa uhasibu

Kila msimu wa udahili napigiwa simu na vijana wa Unguja na Pemba, na swali la kwanza huwa lile lile: hesabu zake ngumu? Si ngumu. Kama umewahi kufunga mwezi wa hoteli huku risiti za jikoni zimeloa mafuta hata tarehe haisomeki, hutakutana na hesabu ya kukutoa jasho mle ndani. Jasho linatoka pahala pengine.

Mimi niliingia darasani nikiwa na miaka minane ya kushika vitabu vya hoteli upande wa mashariki. Nilijiona nimekwenda kuchukua cheti tu. Wiki ya pili mwalimu akatuuliza: mtu ana shamba la karafuu Mtambwe, miti 60, itieni kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni. Mimi Mpemba, nimekulia chini ya mikarafuu, wenzangu wengi ni watu wa mjini. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Mali ya kibiolojia, nikasema, IAS 41, kile kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa kilimo, kwa thamani ya haki, yaani bei ya soko ya siku hiyo. Nikakaa kwa raha zangu.

Akaniuliza, "Babu yako anauza mkarafuu au anauza karafuu?"

Darasa zima likacheka. Kumbe tangu Januari 1, 2016 mti unaozaa mwaka hadi mwaka, na ambao mwenyewe hakuupanda ili auuze kama zao, umehamishiwa IAS 16, kiwango cha majengo na mitambo. Unahesabiwa kama jengo au mashine: una gharama yake na una uchakavu wake. Karafuu zilizo juu ya mti bado ni za IAS 41, kwa thamani ya haki ukitoa gharama za kuuzia. Zikishachumwa, thamani ile ya siku ya kuchuma ndiyo inayogeuka kuwa gharama yake, nazo zinaingia IAS 2 kama bidhaa. Shamba moja, viwango vitatu. Nikadhani tumemaliza. Akauliza tena: uchakavu huo utaugawa kwa miaka mingapi? Mikarafuu ya babu imepandwa na baba yake, na mpaka leo watoto wanapanda kuchuma.

Jibu lake halimo kwenye kitabu chochote. Ni wewe unayekisia umri wa mti, unaandika sababu zako, kisha unasimama mbele ya mkaguzi uzitetee. Uzamili wote uko hapo. Aliyezoea kuambiwa tia debiti hapa na krediti pale atateseka sana muhula wa kwanza, na mara nyingi huyo ndiye mhasibu mzuri kuliko wote ofisini kwake.

Kwa hiyo nenda na hesabu zako mwenyewe kichwani. Mifano ya vitabu vingi imetoka Marekani, na usipokuwa macho utajikuta unakariri mambo ya kule. Mimi nilikesha usiku mmoja na LIFO, hesabu ya kuchukulia kwamba mzigo ulioingia mwisho ndio unaotoka kwanza, ambayo IAS 2 haiikubali kabisa. Wakati huo huo mambo yetu ya hapa hayana sura hata moja. Nani atakuandikia kitabu juu ya mfanyabiashara wa Zanzibar anayepeleka VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kisha anapeleka kodi ya mapato TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania? Kiwango cha kawaida cha VAT huku ni 15%, Bara ni 18%, na hoteli yako inanunua mzigo Dar es Salaam kila wiki. Chukua tatizo la namna hiyo ulipeleke darasani. Walimu wanalipenda, maana nao wamechoka na mifano ya viwanda vya magari.

Vivyo hivyo na murabaha. Darasani utafundishwa mkopo na riba, ukitoka nje mteja wako kachukua gari benki kwa murabaha: benki imelinunua, ikamuuzia kwa bei ya juu, analipa kidogo kidogo. Faida ile utaitambua siku ya mauzo au utaigawa kwa muda wa malipo? Ukiweza kulijadili hilo kurasa tano bila ya kuhubiri, umeshapata mada nzuri ya semina.

Na Excel. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wazima wakiaibika. Kikundi chetu kilipiga hesabu ya boti ya watalii: milioni 40 leo, inaingiza milioni 18 kila mwaka kwa miaka mitatu, na fedha ya baadaye tunaipunguza thamani kwa 10% kila mwaka. Mwenzetu akatia namba zote nne ndani ya fomyula ya NPV (thamani ya leo ya mradi ukishatoa mtaji), ikatoka milioni 4.33. Jibu sahihi ni milioni 4.76. Fomyula ile huchukulia kwamba hata namba ya kwanza inatokea mwisho wa mwaka, kwa hiyo zile milioni 40 za leo ikazipunguza pia. Fedha ya leo iache nje ya mabano, uitoe mwishoni. Laki nne na kitu zilizopotea si nyingi, lakini mradi ukiwa na faida kubwa zaidi, pengo hilo nalo linakua.

La CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, niliseme haraka: uzamili haukufanyi CPA. Hiyo ni mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, na ina njia yake. Wako wanaosoma vyote kwa pamoja. Mimi siwashauri wenye watoto wadogo.

Tasnifu ndiyo iliyoniangusha. Nilichagua udhibiti wa ndani katika taasisi moja, nikaandika sura mbili nzuri, msimamizi akazisifu. Nilipokwenda kuomba mafaili, nikazungushwa miezi minne, kisha nikaambiwa haiwezekani. Barua ya ruhusa itafute kabla hujaandika sura ya kwanza, na kibali cha utafiti cha Serikali ukiombe mapema. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa kitengo usiihesabu, hata akiwa ni ami yako.

Nikageukia watu walionifungulia milango: wauza samaki na mboga wanaozikopesha hoteli ndogo za pwani. Mama mmoja wa Jambiani akanitolea daftari la skuli lililofungwa kwa mpira. Kila hoteli ina ukurasa wake, kilo kaandika kwa kalamu ya buluu, malipo kwa nyekundu, na pembeni tarehe ya ahadi. Ilikuwa leja ya wadaiwa kamili, na umri wa kila deni unauona kwa jicho.

Mimi nilikuwa na jedwali langu la IFRS 9, kiwango kingine cha kimataifa, la kukisia hasara ya madeni, asilimia kwa kila siku 30 za kuchelewa. Nikamwuliza yeye anajuaje deni limekufa. Akanionyesha kurasa mbili alizozikunja pembe.

"Hawa nawauzia taslimu," akasema.