Maswali ya Wasomaji: Barua za Babu Kutoka Ng'ambo

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, assalaam alaikum. Baada ya bibi yetu kufariki, tulipokuwa tukipanga vitu vyake nyumbani Majengo, tulikuta mkebe wa biskuti uliojaa barua na kadi za posta alizotumiwa na babu alipokuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Kadi moja ina picha ya daraja la Howrah la Calcutta, na barua nyingi zimeandikwa kwa penseli ya zambarau. Vita viliisha 1945, lakini barua ya mwisho ni ya Juni 1946. Mwandiko wa barua za mwanzo ni mzuri kama wa karani, na wa zile za mwisho ni wa mtu anayejikongoja, hata ami yangu anasema hizi za mwisho si za babu. Mahali pamoja babu anasema anaiogopa bahari kwa sababu ya "wenzetu wa mizinga", bila kueleza zaidi. Ipo pia karatasi ya herufi za Kiarabu ambayo hapana mtu nyumbani awezaye kuisoma. Ami anataka tuzizibe zote ndani ya plastiki kwa mashine ya moto, na stempu tuzibandue tuziuze. Tufanyeje?

Mjukuu, Majengo, Mombasa

JIBU

Wa alaikum salaam, na poleni kwa msiba. Kabla ya jingine lolote, mwombe ami yako asubiri: mkebe huo usipelekwe dukani, wala stempu hata moja isibanduliwe.

Nianze na mwandiko, kwa maana hapo ndipo ninapodhani ami amekosea. Askari wengi wa Keya waliingia jeshini wakiwa hawajui kusoma wala kuandika, na barua zao za kwanza ziliandikwa na mwenzao aliyepata shule au na karani wa kikosi. Baadaye jeshi lilikuwa na idara yake ya elimu, ambayo walimu wake walipata mafunzo Kabete, kisha wakaenda pamoja na vikosi na kuwafunza askari herufi kambini. Kwa hiyo mwandiko unaojikongoja wa 1946 huenda ndio wa babu yako hasa, na ule mzuri ukawa wa mtu mwingine. Ziweke barua hizo mbili kando kwa kando uzitazame. Katika ile ya karani, salamu hujaza nusu ya ukurasa: yeye ni mzima wa afya, hofu yake ni kwenu mlio mbali naye, msalimieni fulani na fulani. Katika ile ya mwisho, kama kweli ni yake, salamu zitakuwa fupi na ataingia katika haja yake upesi, kwa sababu kila neno lilimtoa jasho. Mimi binafsi nazithamini barua za namna hiyo kuliko zote, kwa kuwa humo mume anazungumza na mkewe bila mtu wa tatu kushika kalamu.

Kuhusu tarehe, Japani ilitia saini ya kusalimu amri tarehe 2 Septemba 1945, lakini amani haikumfikisha askari nyumbani siku hiyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma katika bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944, ilikuwa imekwisha kurudishwa India, na huko askari walingoja meli, ambazo zilikuwa chache kwa wingi wa watu waliotakiwa kusafirishwa kila upande wa dunia. Wengine hawakuiona Kilindini, bandari ya Mombasa, mpaka 1946. Wakati wa mapigano askari hakuruhusiwa kutaja mahali alipo, na barua yake ilisomwa na afisa kabla ya kupelekwa. Vita vilipokwisha masharti hayo yalilegea. Ndiyo maana naamini barua za miezi hiyo ya kungoja zitakuambia mengi kuliko zile za vitani, hata kama hazina habari za bunduki.

Hao "wenzetu wa mizinga" nadhani ni askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Waliondoka Kilindini Februari 1944 katika meli iitwayo Khedive Ismail, wakielekea Colombo, na tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliipiga meli hiyo karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu wapatao 1,300, na waliookolewa walikuwa zaidi kidogo ya 200. Babu yako alipoandika maneno yale alijua kwamba atarudi kwa bahari hiyo hiyo, na bibi yako, aliyekuwa akiishi katika mji ambao meli ile ilitoka, hakuhitaji maelezo.

Sasa niseme juu ya lile ambalo hukuniuliza. Barua za bibi kwa babu hazimo mkebeni, jambo la kawaida, kwa maana askari alihama na mfuko mmoja, na karatasi haikustahimili mvua za Burma. Hata hivyo, maneno yake yamo ndani ya majibu ya babu. Babu akiandika kwamba mwenye nyumba angoje mpaka arudi, basi bibi alikuwa amemlalamikia kodi. Akiuliza kama fedha za mwezi zimefika, kumbuka kwamba sehemu ya mshahara wa askari ililipwa kwa jamaa zake nyumbani, na zikichelewa bibi ndiye aliyehangaika. Chukua daftari, upande mmoja nakili maneno ya babu, na upande wa pili andika kile unachodhani kiliulizwa.

Plastiki ya moto haifai kabisa, kwa sababu karatasi ikishazibwa haitoki tena bila kuharibika. Gundi ya utepe nayo huacha doa la manjano. Ondoa pini zenye kutu, piga picha kila ukurasa pande zote mbili pamoja na bahasha, kisha weka barua katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya sanduku, mbali na jikoni na ukuta wenye unyevu. Penseli ya zambarau huchuruzika wino ikiguswa na maji, kwa hiyo mikono yenye jasho isizishike. Stempu ziacheni, kwa sababu muhuri uliozipiga ndio unaobeba tarehe na nambari ya posta ya jeshi.

Kuhusu karatasi ya herufi za Kiarabu, zamani mabinti wengi wa Mombasa walijifunza herufi hizo chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo yawezekana ni mwandiko wa bibi mwenyewe, labda rasimu ya barua. Ajuaye Kiarabu cha leo peke yake atababaika, kwa sababu ni Kiswahili, na herufi moja yaweza kusimama mahali pa sauti mbili, kama vile b na p. Tafuta mzee aliyezoea kuandikiana barua kwa herufi hizo, au ulizia katika taasisi ya utafiti wa Kiswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa hapo Mombasa. Asome kwa sauti huku mtu mzima wa ukoo, shangazi kwa mfano, akiwa amekaa kando yake, maana majina ya utani ya watu wa nyumbani yeye ndiye atakayeyatambua.