Jibu: Dadu zinarudia nguo zilezile

Ndugu unayerusha dadu mbili kila asubuhi kuchagua nguo ya juu na ya chini, ukilalamika kuwa zinarudia zilezile: dadu zako hazina kosa. Nguo 6 za juu na 6 za chini ni jozi 36, lakini ukirusha dadu mbili kwa siku 36, tarajia jozi kama 23 tu; siku zilizobaki ni marudio. Ukitaka zote zitokee, tia vikaratasi 36, kila kimoja na jozi yake, kwenye kopo, chomoa kimoja kila asubuhi, usikirudishe. Isipokuwa kikitaja nguo iliyoloweka: hicho kirudi, uchomoe kingine. Kufua ndiko kunakovuruga miradi hii, basi kanuni yake iandikwe kabla ya siku ya kwanza. Ya msiba pia, maana kopo halijui tanzia. Msanii Andrea Zittel wa Marekani aliikwepa bahati nasibu kabisa: tangu 1991 alivaa vazi moja kwa miezi.